Kiti cha Bwana Waya

Mtaani walimwita Sindano, na jina lilimkaa sawasawa: mwanamke mwembamba, mnyoofu, mwenye ulimi unaochoma. Alishona katika chumba cha mbele cha nyumba yao, ghorofa ya kwanza, cherehani yake ikitazama dirisha. Alikuwa na kipaji kimoja kilichowakosesha wateja raha. Alikutazama ukiingia mlangoni, na kabla hujamaliza kumsalimu alishajua kiuno chako kimeongezeka kiasi gani. "Umenenepa," angesema bila haya. "Usijali, gauni lako nililiachia akiba. Nilijua tu."

Mumewe alijulikana kama Bwana Waya, maana ujana wake wote uliishia chini ya nyaya za umeme. Kazi yake ilikuwa kukagua njia za umeme nje ya mji, kwenye vilima na vichaka ambako gari haliingii, na aliifanya kwa baiskeli. Wala si hizi za kubebea magunia. Ilikuwa baiskeli ya milimani ya titani, chuma cha kijivu kisichohitaji rangi na kisichojua kutu ni nini. Aliinunua kwa daktari mmoja aliyekuwa akihama, zamani hizo, wakati wenzake kazini hawajawahi hata kuisikia titani. Wanaume wengine huoa wake wawili. Waya alioa mmoja akanunua baiskeli, na Sindano alizoea kusema hajui kati yao nani mke mkubwa.

Kisha asubuhi moja Waya aliinama kufunga kamba za viatu na hakuinuka. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito, na mtu aliyekuwa akiinamisha kichwa kupita mlangoni akalazwa chumba cha nyuma, miguu ikining'inia nje ya godoro. Sindano akafungwa pamoja naye. Watu walisema anamuuguza, wengine wakasema thawabu zake ziko mbinguni zinamsubiri, na maneno yote hayo ni mazuri. Lakini mtu asiyeweza kwenda hatua mbili bila kuitwa amefungwa, hata kama mlango uko wazi. Binti yao wa pekee aliolewa mbali na alipiga simu kila alipokumbuka, naye alikumbuka kwa nadra.

Waya alimwita kwa kengele. Waliifungua kutoka kwenye usukani wa baiskeli ile ile wakaibana kwenye ubao wa kitanda, upande wa mkono mzima. Kring kring: maji. Kring kring: nigeuze. Kring kring: nani huyo unaongea naye? Sindano alinunua sabuni kwa mbio kama mwizi, akapanda ngazi akihema, akamkuta mzee amelala usingizi wa pono. Hasira zilimpanda, halafu akaona aibu kwa hasira zake, kisha akarudi kwenye cherehani. Huko dirishani, mwisho wa barabara, kilionekana kilima na juu yake tangi la maji la saruji. Halikuwa na uzuri wowote. Ila mtu akitazama kitu kimoja mwaka hadi mwaka huku mguu wake ukikanyaga pedali isiyompeleka popote, kitu hicho huanza kumwita.

Baiskeli nayo ilikaa chumba cha nyuma, miguuni pa kitanda, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuiweka. Iligeuka kamba ya kuanikia taulo. Siku moja Waya aliitazama sana, akapiga kengele, akasema polepole kama mtu anayetafuna, "Zitoe hizo taulo. Isafishe."

Sindano aliisafisha kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, kona kwa kona, jinsi anavyotoa uchafu kwenye pindo la suti ya harusi. Chini ya matope ya miaka fremu ilitoka ikiwa mpya, kijivu tulivu, bila mkwaruzo wa maana. Waya akalia machozi, na kwa kuwa hakuweza kuyafuta upande wa pili, Sindano akamfutia kwa kitambaa kile kile cha baiskeli. Wakacheka. Walikuwa hawajacheka pamoja kwa muda mrefu sana.

Hapo kazi ikaanza. Kila jioni alipofunga cherehani alikaa sakafuni na spana, naye Waya akielekeza kutoka kitandani. Palipohitaji nguvu aliitwa fundi wa baiskeli wa pale chini, mtu wa maneno machache na grisi nyingi, aliyeitwa Spana na kila mtu hata mkewe. Waliondoa uma wa mbele ambao springi zake zilikufa, wakafunga mwingine usio na springi, mwepesi. Sahani tatu za meno za mbele wakazifanya moja ndogo, na nyuma wakaweka gia pana za kisasa, za kumpandisha mtu mlima akiwa bado anaweza kuongea. Nyaya mpya, breki mpya, matairi manene. Waya alijua kila nati. "Usikaze sana hapo," alisema, au, "Hiyo spoku imelegea, igonge nisikie." Kengele ilipungua. Wifi yake Sindano, yaani dada mkubwa wa Waya, mwanamke wa moyo mzuri na mdomo mbaya aliyekuja kila mwisho wa wiki na kukalia kiti pekee kizuri cha nyumba, alishukuru kwa sauti. "Mnaona? Ndugu yangu anarudi. Akipona ataikuta tayari."

"Nikipona," Waya alisema.

Ukweli ni kwamba Sindano hakuwa akiitengeneza kwa ajili ya Waya. Mwanzoni labda. Lakini kila kipande alichokishika alijiona mwenyewe juu yake. Utotoni aliendesha baiskeli kubwa ya shangazi yake, aliyemfundisha ushonaji, akipitisha mguu katikati ya fremu kwa sababu hakufikia kiti, akipeleka nguo za watu mitaani huku jasho likimtoka. Mwili haukuwa umesahau. Alitaka kufika kwenye tangi lile na kurudi, basi. Hakuwa na haja nyingine duniani, na hiyo moja hakuthubutu kuitaja.

Kikwazo kilikuwa kiti. Kilikuwa juu, urefu wa Waya, kikimfika Sindano mbavuni. Na hakikushuka. Lile bomba linaloshika kiti lilikuwa la aluminiamu, limezama ndani ya bomba la titani, na kwa mvua na jasho la miaka yote hiyo metali hizo mbili zilikuwa zimeng'ang'aniana kama chanda na pete. Sindano alilizungusha, halikuguna. Alimwambia mumewe kwamba ni lazima litoke, lisafishwe.

Waya alifikiri kidogo. "Maji ya moto," akasema. "Mwagia maji ya moto. Mengi."

Akamwagia. Aliibeba baiskeli bafuni, akachemsha birika baada ya birika, akazungusha kiti kwa nguvu zake zote, akaungua kiganja. Hakikusogea. "Ongeza moto," Waya alisema. Akaongeza. Alijaribu na mafuta ya cherehani, akarudia maji. Ilikuwa desturi ya kila jioni sasa, mvuke bafuni na mwanamke mmoja akipigana na kiti.

Spana ndiye aliyemkuta siku moja, birika mkononi.

"Mama, nani amekwambia maji ya moto?"

"Mzee mwenyewe."

Spana alitazama mlango wa chumba cha nyuma, akajikuna shingo. Alishusha sauti. "Aluminiamu ikipata moto inavimba kuliko titani. Unazidi kulikaza. Na mzee anajua, mama. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Sindano aliweka birika chini.

"Dawa ni moja tu," Spana akaendelea, akiona afadhali amalize kuliko kubaki katikati. "Kulikata. Unakata kichwa, halafu unaingiza msumeno ndani ya bomba, unalipasua taratibu kwa urefu mpaka lijikunje. Likikatwa ndiyo basi."

Mtu mwingine angelikata jioni ile ile. Lakini Sindano alikuwa mshonaji, na alilelewa na shangazi mwenye sheria moja tu, nayo aliishika kuliko amri za serikali. Kitambaa cha mtu hakikatwi mpaka mwenyewe asimame mbele yako, akione kimetandikwa, na aseme kwa mdomo wake, "Kata." Hata akiwa na haraka, hata kama ni leso. Mkasi hauombi radhi. Wateja walimcheka kwa hilo, lakini wote walilisema neno. Na kitambaa hiki kilikuwa cha Waya.

Aliingia chumba cha nyuma akasimama miguuni pa kitanda.

"Mzee. Maji ya moto yanaifanya nini aluminiamu?"

Waya akatazama dari.

"Nakuuliza wewe."

"Yanakaza."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Nimebeba birika kama punguani wiki zote hizi! Nimeungua mkono, huu hapa, hebu uone! Kwa nini?"

Ilimchukua muda kuyapanga maneno. "Kile kiti... kikishuka," akasema, "mimi ndiyo basi tena."

Sindano angeweza kumhurumia. Siku nyingine angemhurumia. Lakini alikuwa amehurumia mpaka pakakauka, na kilichotoka kilikuwa kile kilichokuwa chini ya huruma.

"Na mimi je? Mimi si ndiyo basi tena tangu siku ile? Siifanyi kwa ajili yako baiskeli hii. Naifanya yangu. Nataka kupanda pale kwenye tangi, nirudi. Sitaki kukuacha, sitaki mwanamume mwingine, nataka kupanda pale nirudi! Kuna asubuhi nasimama hapo mlangoni kabla sijaingia, nasikiliza kama unapumua, na haki ya Mungu sijui naomba nisikie nini."

Alijiziba mdomo, lakini ulimi hauna mfupa, na neno lilishatoka. Waya aligeuza uso ukutani. Aliugeuza mwenyewe, kwa jitihada, kadiri shingo ilivyoweza. Sindano alikwenda akakaa kwenye cherehani isiyo na kitambaa.

Kengele haikulia usiku kucha. Haikulia kesho yake pia. Sindano, aliyekuwa akiichukia mpaka ndotoni, sasa aliingia chumbani kila mara bila kuitwa, akamnywesha maji, akamgeuza, na hapana aliyesema neno. Ukimya ule ulimbana kuliko kelele. Aliosha, akapika, akalisha, kwa mikono ya mtu anayefanya adhabu.

Mwisho wa wiki wifi akaja, akakuta nyumba imenuna. Alidadisi, na alipojua habari ya kiti na kukata akashika kiuno.

"Wifi, una akili timamu? Mtu mzima, mwenye magoti yake, upande milima na baiskeli ya kiume? Na hicho kiti mkikishusha, mjue mmemzika ndugu yangu akiwa hai!"

"Ndugu yako nani anamwosha?" Sindano akajibu. "Wewe?"

"Sijasema hivyo..."

"Sema unavyotaka. Wewe jioni unakwenda kwako."

Waliendelea hivyo juu ya kitanda, mmoja huku mwingine kule, mgonjwa katikati kama mpaka wa mashamba mawili. Ndipo kengele ikalia. Ililia kwa nguvu, mfululizo, mpaka wote wawili wakanyamaza.

"Dada," Waya alisema. "Kitambaa hiki ni cha nani?"

"Kitambaa gani tena?"

"Ni cha nani?"

Dada mtu alitazama baiskeli. "Chako."

Waya akamgeukia mkewe. Miaka yote ile, kupitia ukuta mwembamba, alikuwa akiwasikia wateja wakilisema neno lile, wengine kwa kicheko, wengine kwa wasiwasi. Alilisema kwa shida, lakini alilisema sawasawa.

"Kata."

Walikata wenyewe. Spana alileta msumeno na akataka kuanza, Waya akamkatalia: "Yeye." Basi Spana akakata kichwa tu cha bomba, akaacha msumeno akaondoka. Baiskeli ililazwa kitandani, juu ya mapaja ya Waya, naye akaishika fremu kwa mkono wake mzima. Sindano alipiga magoti, akaingiza wembe wa msumeno ndani ya bomba, akaanza kupasua, kidogo kidogo, kutoka ndani kwenda nje.

Hatari yake ni hii. Ukikata pungufu, bomba halilegei. Ukizidisha, unaijeruhi titani, na fremu yote imekwenda na maji. Ndani hakuonekani. Sindano alitegemea mkono, lakini mkono wake ulizoea vitambaa. Waya alitegemea sikio. Alifumba macho. Msumeno ulikoroma ndani ya aluminiamu kwa sauti nene, kisha kidogo tu ikawa nyembamba, na Sindano hakusikia tofauti yoyote.

"Simama. Umeigusa titani."

Akasimama. Akahamia upande mwingine. Kidole kimoja hakivunji chawa, nao walikuwa na viwiliwili viwili vyenye uzima wa mtu mmoja na nusu. Kazi ile iliwachukua jioni kadhaa. Hawakuzungumza habari ya yale yaliyosemwa. Mara moja tu, bila kufumbua macho, Waya alisema, "Hata mimi, asubuhi, nikikusikia mlangoni. Sijui naomba nini." Sindano akaendelea kukata kwa sababu hakuona atafanya nini kingine.

Bomba lilipokubali, alilikunja kwa koleo na likatoka kwa mvutano mmoja, limejaa unga mweupe. Waya aliomba alishike. Aliligeuza mkononi, akalipima uzito, akampa mkewe. "Tupa," akasema, na akakaa siku mbili bila kutaka kula.

Siku ya tatu alimwita. "Lete futi yako. Njoo nikupime."

Sindano alisimama pembeni ya kitanda bila viatu, akikanyaga ncha ya futi kwa kisigino, na mumewe akaivuta juu kwa vidole vyake mpaka mwanzo wa paja. Mtaa mzima ulikuwa umepita katika futi ile. Yeye mwenyewe hakuna aliyempima tangu shangazi. Alitazama utosi wa Waya, mahali nywele zilipoanza kuisha, na akahisi anampenda, na akahisi bado anataka kutoka, na moja halikuondoa lingine.

"Kumbe mfupi hivi," Waya alisema.

"Umechelewa kujua."

Spana alifunga bomba jipya, likiwa limepakwa grisi, na kiti kikashuka.

Siku ya kutoka, wifi alikuja mapema, akakaa na mkoba wake magotini, akinung'unika kwamba wazimu una hatua na wao wako kwenye ya mwisho. Sindano aliibeba baiskeli begani akashuka ngazi. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyofikiri. Barabarani aliyumba, akajirekebisha, akaanza kwenda. Watu walitoka madukani. "Sindano! Leo unashona lami?" Akawapungia mkono, akakaribia kuanguka, nao wakashangilia. Upepo uliingia kwenye mikono ya blauzi. Alikuwa anakwenda.

Alifika hadi nyumba zinapokwisha, kwenye duka la mwisho, mahali kilima kinapoanza. Akabadili gia iwe nyepesi. Halafu akasimama.

Aliwaza: atapaliwa maji, na wifi hajui kumwinua. Aliwaza: shuka imejikunja mgongoni. Lakini hayo alijua ni visingizio. Aliogopa. Kule mbele hakuna aliyemhitaji, hakuna kengele, na yeye hakujua tena mtu wa namna hiyo anakuwaje. Akaisukuma baiskeli nyuma ya ukuta wa duka, akasimama hapo, ameegemea tofali, mpaka alipokadiria kwamba mtu angekuwa amepanda na kushuka. Kisha akarudi nyumbani taratibu.

Waya alikuwa ameegemezwa mito, macho yakimwaka. "Umefika?"

"Nimefika."

"Tangi likoje?"

"Kubwa," Sindano akasema. "Limeota kuvu upande mmoja. Na upepo, usiseme."

"Ahsante Mungu," wifi akasema, "umekwenda umerudi salama. Sasa yaishe."

Waya alimwashiria mkewe asogeze baiskeli, gurudumu la mbele lije kitandani. Sindano akalisogeza, akidhani anataka kuitazama. Waya akaweka kiganja chake kizima kwenye rimu, pale breki zinapobana, akakiacha hapo.

"Baridi," akasema.

Sindano akatazama sakafu.

"Kushuka kule kote... unabana breki. Rimu huwezi kuishika. Ingekuwa imeniunguza."

Machozi yalianza kumtoka Sindano. "Niliogopa," akasema. "Nilisimama dukani. Sikuweza."

"Nenda tena."

"Jua limeshapanda."

"Nenda tena, mama."

"Na wewe je?"

"Mimi nipo," Waya akasema. "Nitakwenda wapi?"

Alicheka, kwa ule upande wa uso uliobaki na kicheko. Wifi naye akacheka, halafu kicheko kikamkatika akageukia dirisha. Sindano hakucheka. Alimtazama mumewe akiwa amelala pale na utani wake, miguu nje ya godoro, na akaona kwamba kati yao wawili mmoja tu alikuwa na mlango wa kutokea. Akageuza baiskeli. Wifi ndiye aliyemshikia mlango mpaka akapita.

Safari hii hakuna aliyemshangilia, watu walikuwa wamerudi kwenye shughuli zao. Alipofika duka la mwisho mguu wake ulitaka kushuka chini. Akaukatalia. Alipanda akilia kwa sauti, mdomo wazi, na waliokuwa wakishuka kilimani na mizigo yao walimpisha.